Jibu Kabla ya Mashine: Hesabu za Kichwa kwa Mtu wa Soko la Bunia

Mtu anayefanya biashara Bunia hushika fedha za aina tatu bila kutoka mjini. Kodi ya nyumba na bei ya pikipiki husemwa kwa dola. Nyanya na sombe husemwa kwa franka. Bidhaa zilizovuka mpaka wa Goli na kuingia Mahagi, au zilizopakiwa mashuani Ntoroko na kushushwa Kasenyi, zimebeba ndani yake bei ya shilingi ya Uganda, hata kama muuzaji hakutajii. Kati ya kununua na kuuza, fedha hubadilishwa mara moja, wakati mwingine mara mbili, na kila inapobadilishwa kuna mtu aliyeshika kikokotoo. Mara nyingi kioo cha kikokotoo hicho kinamtazama yeye.

Sisemi utupe kikokotoo chako. Ni chombo kizuri, na hesabu ndefu za mwisho wa mwezi zinakihitaji. Ninachosema ni kwamba jibu liwe tayari kichwani mwako kabla mashine haijatoa lake, hata kama ni jibu la makadirio tu. Ukiwa nalo, mashine inakuwa shahidi. Usipokuwa nalo, mashine ya mtu mwingine ndiyo hakimu, na wewe huna la kujibu.

Watu wengi huamini kwamba kuhesabu kwa kichwa ni kipaji, kwamba fulani kazaliwa nacho na fulani hakujaliwa. Lakini mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil, na watoto watano waliokuwa wakiuza nazi, matunda na vitu vidogo mitaani. Watafiti walijifanya wateja, wakauliza bei na chenji, na watoto wakapatia hesabu 98 kati ya kila 100. Baadaye watoto hao hao wakapewa hesabu za namna ile ile zimeandikwa kwa tarakimu tupu kama za darasani. Safari hii walipatia 37 hivi kati ya kila 100. Kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni njia: mtaani walitumia yao, na mbele ya karatasi walijaribu kukumbuka ya mwalimu. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Hakubandika sifuri. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine 210, tatu tena 315, na moja iliyobaki, 350.

Njia hiyo haijaishia Brazil. Muulize mama anayeuza makayabo soko kuu la Bunia bei ya vipande sita, kimoja franka 3,500, na umsikilize anavyojibu: "Mbili elfu saba, ine elfu kumi na ine, sita elfu makumi mbili na moja, papa." Hakuzidisha 6 kwa 3,500 kwa kupanga tarakimu. Alifanya jozi ili nusu elfu iondoke, kisha akaongeza saba saba. Alipofika kwenye jibu, mkono wake ulikuwa tayari umeshafunga samaki.

Basi la kwanza ni hili: anza kuhesabu kutoka kushoto. Shuleni tulifundishwa kuanzia kulia, kwa mamoja, kisha kumi unabeba. Kwenye karatasi utaratibu huo ni sahihi kabisa. Kichwani unachosha, kwa sababu unakulazimisha ushike tarakimu ndogo ndogo huku kiasi kikubwa, ambacho ndicho chenye fedha zako, kikija mwisho. Chukua 4,700 na 3,850. Sema 7,700, halafu 8,500, halafu 8,550. Mteja akikukatiza katikati, unajua tayari kwamba uko kwenye elfu nane na nusu. Aliyeanzia kulia akikatizwa hana kitu mkononi.

Angalia pia jinsi ulivyosema. Hukusema "elfu nne mia saba kujumlisha elfu tatu ni elfu saba mia saba." Ulitaja jumla peke yake. Kichwa kinaweza kubeba namba moja inayokua bila shida, lakini ukikibebesha namba pamoja na maelezo yake, kinaangusha kimojawapo. Ukiwa peke yako njiani, jizoeze kutaja jumla tu: 7, 15, 21, 30. Ni jambo dogo, lakini kati ya yote ninayoyaandika hapa ndilo linaloongeza kasi upesi kuliko mengine.

Lugha nayo ina mchango wake. Shule zetu humwanzisha mtoto kwa Kiswahili kisha humhamishia Kifaransa, na wengi wetu tuna majedwali ya kuzidisha katika lugha moja na soko katika lugha nyingine. Hesabu kwa lugha ile ambayo saba mara nane inakujia bila kufikiri, hata kama mteja amekuuliza kwa nyingine. Tafsiri jibu la mwisho tu. Anayetafsiri kila hatua anafanya kazi mara mbili.

Sasa dola. Kwenye Boulevard de Libération utawakuta wakambisti wamekaa nyuma ya meza zao, vibunda vya noti vimefungwa kwa mpira mbele yao. Mtu wa kazi hiyo hazidishi upya kila mteja anapokuja, kwa kuwa majibu ya kawaida ya siku anayo tayari. Nawe unaweza kuwa nayo. Kila asubuhi, ukishasikia kiwango, jijengee ngazi ya siku nzima. Tuseme dola moja ni franka 2,300. Panda hivi: dola 1 ni 2,300, 2 ni 4,600, 5 ni 11,500, 10 ni 23,000, 20 ni 46,000, 50 ni 115,000, 100 ni 230,000. Ni vipandio saba tu, na vinne kati yake ni sifuri zilizoongezwa. Kuanzia hapo, dola 37 si hesabu ya kuzidisha tena. Ni 20, na 10, na 5, na 2: 46,000, kisha 69,000, kisha 80,500, kisha 85,100.

Ngazi hiyo hiyo inashuka. Mtu amekuletea franka 85,000 anataka dola. Kumi tatu ni 69,000, zimebaki 16,000. Tano ni 11,500, zimebaki 4,500. Mbili zingekuwa 4,600, kwa hiyo hazitoshi kwa franka 100 tu, moja inatosha. Jibu ni dola 36, na chenji yake ni franka 2,200. Hukugawanya chochote. Uliondoa ulichokijua mpaka kilichobaki kikawa kidogo.

Kiwango kikiwa kibaya, mathalani 2,285, usihangaike nacho jinsi kilivyo. Kifanye 2,300, hesabu, kisha urudishe ulichozidisha. Dola 17 kwa 2,300: kumi na saba mara elfu mbili ni 34,000, kumi na saba mara mia tatu ni 5,100, jumla 39,100. Lakini kila dola uliiongezea franka 15, na 15 mara 17 ni 255. Ondoa: 38,845. Kuna wanaohisi kwamba kuzungusha namba ni kukwepa hesabu. Kwangu hiyo ndiyo hesabu yenyewe, mradi usisahau kurudisha. Ukizungusha juu, utatoa. Ukizungusha chini, utaongeza. Liseme jambo hilo moyoni kabla hujaanza, maana makosa mengi ya njia hii hutokea pale mwishoni, mtu anapoongeza alichotakiwa kukitoa.

Kwa shilingi ya Uganda, pitia dola kila mara. Ukiambiwa mzigo ni shilingi 180,000, na dola ni shilingi 3,600, tazama 18 na 36: ni nusu. Basi ni nusu ya dola 100, yaani 50. Sasa ngazi yako ya asubuhi inakujibu: franka 115,000. Wapo wanaotafuta kiwango cha moja kwa moja kati ya shilingi na franka. Kinapatikana, ila ni namba yenye vipande, na vipande ndivyo humpotezea mtu fedha bila yeye kujua.

Kuhusu chenji nitakuwa mfupi kwa kuwa soko zima linaijua: usitoe, panda. Bidhaa ni 13,700 na mteja ametoa noti ya 20,000. Kutoka 13,700 mpaka 14,000 ni 300. Kutoka hapo mpaka 20,000 ni 6,000. Mpe 6,300, na umhesabie kwa sauti huku unapanda, naye apande pamoja nawe. Huna haja ya karatasi, wala hakuna ugomvi.

Kujumlisha orodha ndefu ndiko kunakohitaji jicho zaidi kuliko kichwa. Na hapa nataka twende kidogo kusini, nje ya mkoa wetu, mahali ambapo Mto Semliki unatoka Ziwa Edward kuanza safari yake ya kuja Ziwa Albert. Hapo ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo wenye mikato iliyokatwa kwa makundi, katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo uko Brussels, katika makumbusho ya sayansi za asili. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wataalamu wanabishana kama ni kalenda ya mwezi, kumbukumbu ya kuhesabu vitu, au mchezo wa namba. Ubishi huo niwaachie wao. Ninachotaka ni ukae na namba hizo, kwa sababu sijaona zoezi zuri kuliko hilo, na limetoka kwenye maji yanayofika Ziwa Albert.

Ukijumlisha safu ya kwanza kwa kufuata mstari utapata 11, 24, 41, 60. Si vibaya. Lakini itazame kwanza: 11 inamtaka 19, wapate 30. 13 inamtaka 17, wapate 30. Jumla 60, na hakuna ulichobeba. Safu ya pili: 11 na 9 ni 20, 21 na 19 ni 40. Tena 60. Ile ya katikati: 3 na 7, 6 na 4, 5 na 5, kisha 10 peke yake, hizo ni kumi nne, na 8 imebaki. 48. Kila namba ina mwenzake anayeikamilisha, na kazi ya kwanza mbele ya orodha yoyote ni kuwatafuta wenza kabla ya kuanza kujumlisha. Mtu amenunua vitu vya 2,700, 1,500, 1,800, 4,300 na 3,500. Jicho linaiona 2,700 na 4,300: 7,000. Linaiona 1,500 na 3,500: 5,000. Ongeza 1,800, upate 13,800. Fundisha watoto wenza wa kumi, halafu wenza wa mia, kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto anayejua bila kusita kwamba 37 inahitaji 63 ameshamaliza nusu ya safari ya hesabu za kichwa.

Rudi tena kwenye safu ya katikati. Inaanza 3, ikifuatwa na 6. Kisha 4, ikifuatwa na 8. Kisha 10, ikifuatwa na 5. Kama yule mchongaji alikusudia au hakukusudia, kuongeza maradufu na kukata nusu ndizo zana mbili zinazofanya kuzidisha kuwe kwepesi. Ukiwa na magunia 16 ya franka 35,000 kila moja, kata 16 nusu na uongeze 35,000 maradufu: magunia 8 ya 70,000. Hiyo ni 560,000, na kila mtu anaijua. Kuzidisha kwa 5 ni kukata nusu kisha kuongeza sifuri: 5 mara 68 ni nusu ya 68, ambayo ni 34, kwa hiyo 340. Kuzidisha kwa 25 ni kukata nusu mara mbili kisha kuongeza sifuri mbili: 25 mara 48 ni 24, ni 12, ni 1,200. Na kuzidisha kwa 9 au 19 au 99 ni kuzidisha kwa namba nzima iliyo jirani kisha kuondoa moja: vitu 19 vya 1,500 ni 30,000 kasoro 1,500, yaani 28,500.

Haya yote yanasimama juu ya majedwali ya kuzidisha, na hapo sina njia ya mkato. Lakini kazi ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Jedwali la 2 ni maradufu. La 5 ni nusu ya kumi. La 9 ni kumi kasoro moja. La 10 halihitaji kufundishwa. Zinazobaki ni 3, 4, 6, 7 na 8 zikikutana zenyewe kwa zenyewe, na jumla yake ni hesabu 15 tu, ukikubali kwamba 6 mara 8 na 8 mara 6 ni kitu kimoja. Ziandike kwenye karatasi moja, zisome kila siku mpaka zije zenyewe. Mkubwa aliyeacha shule darasa la tatu anaweza kuzimaliza sawa na mtoto.

Kwa wanaouza na kununua parseli kuna njia mbili zinazofaa sana. Kiwanja cha mraba ambacho upande wake unaishia na 5: chukua tarakimu ya mbele, izidishe kwa ile inayoifuata, kisha bandika 25. Mita 35 kwa 35: tatu mara nne ni 12, basi ni mita za mraba 1,225. Mita 25 kwa 25 ni 625. Na pande mbili zikiwa zimepishana sawasawa na namba nzima, mfano 18 na 22, ambazo zote ziko umbali wa 2 kutoka 20, zidisha 20 kwa 20 upate 400, kisha ondoa 2 mara 2. Ni 396. Mpimaji akikuandikia 416, unamwuliza hapo hapo.

Sifuri ndizo zinazowatisha watu, na sisi wa Kongo tuna historia nazo. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya sasa, moja kwa zaire mpya 100,000. Je, franka moja ilikuwa sawa na zaire ngapi za zamani? Usijaribu kuiona namba nzima. Weka sifuri kando: 3 mara 1 ni 3. Upande mmoja una sifuri 6, mwingine 5, jumla 11. Andika 3 na sifuri 11: miliari 300, au bilioni 300 kwa wanaohesabu kwa mtindo wa Tanzania na Kenya. Vivyo hivyo 400 mara 3,500: nne mara thelathini na tano ni 140, sifuri zilizowekwa kando ni nne, jibu 1,400,000.

Angalizo moja kuhusu alama. Kwenye risiti nyingi za mkono hapa kwetu, 2.300 ni elfu mbili mia tatu. Kwenye kikokotoo, 2.300 ni mbili na vipande. Mtu anayeingiza namba jinsi ilivyoandikwa hupata jibu dogo mara elfu moja, na asiyekuwa na makadirio kichwani hashtuki.

Kuna pia kithibitisho cha tisa, ambacho wazee wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa bado wanakikumbuka. Tuliona kwamba 17 mara 2,285 ni 38,845. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. 17 inakuwa 8. 2,285 inakuwa 17, kisha 8. Zidisha: 8 mara 8 ni 64, ambayo inakuwa 10, kisha 1. Sasa jibu: 3, 8, 8, 4, 5 zinafanya 28, kisha 10, kisha 1. Zimelingana. Zisipolingana, hesabu ina kosa bila shaka. Zikilingana, bado mtu anaweza kuwa amebadilisha nafasi za tarakimu, kwa maana 38,485 nayo inatoa 1. Kwa hiyo kithibitisho hiki kinakwenda pamoja na makadirio. Kimoja hakitoshi.

Nimeacha dhahabu mwisho kwa sababu ndiyo yenye fedha nyingi katika kipimo kidogo. Dhahabu ya eneo la Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na mpaka leo vijana wanaotoka machimbo ya Mongbwalu huja na gramu chache, wanakutana na mizani ndogo, bei ya dola, makato ya ubora, na kikokotoo kisichowatazama. Tuseme gramu moja ni dola 95 na mzigo ni gramu 3.4. Kwa bei ya 100 ingekuwa 340. Umezidisha dola 5 kwa kila gramu: 5 mara 3.4 ni 17. Jibu 323. Akisema anakata asilimia 8 kwa ubora, tafuta asilimia 10 kwanza, ambayo ni dola 32 na senti 30. Asilimia 2 ni dola 6 na senti 46. Tofauti ni kama dola 26. Zinabaki 297. Na asilimia zina mlango wa nyuma: asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16, yaani 4. Ukiona asilimia ngumu ya namba nyepesi, zigeuze.

Fanya hesabu hiyo njiani, kabla hujafika mezani. Gramu zako unazijua, kwa kuwa umezipima kwanza mahali pengine, bei ya siku umeisikia, makato umeuliza. Ukikaa, taja namba yako kwanza, kwa upole: "Papa, kwangu inakuja karibu dola 297." Kisha mwache abonyeze. Mashine ikitoa 297, pokea. Ikitoa 279, mwombe arudie hesabu polepole, kioo kikiwa kimeelekezwa kwako.